Kupoa si Kupona: Kiswahili na Majaribio ya Mitishamba ya Kupunguza Homa

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi mwenzangu anayesomea famasia alinijia siku moja na ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Ulikuwa muhtasari wa jaribio lake juu ya majani ya mwarobaini, naye alitaka niufasiri kwa Kiswahili ili akawasomee wazee wa kijiji kimoja cha Pwani waliomwonyesha miti hiyo na kumweleza jinsi wanavyoitumia. Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Niliketi, nikaandika, na katika sentensi ya mwisho nikahitimisha: "Utafiti huu umethibitisha kwamba mwarobaini unatibu homa." Aliposoma, alichukua kalamu akaifuta sentensi hiyo yote. "Sikusema hivyo," akaniambia. "Nilisema joto la panya lilishuka."

Nilidhani tunabishana kuhusu mtindo tu. Nilipomwomba anieleze tofauti, alinieleza kwa muda wa saa nzima, na makala haya ni matunda ya saa hiyo pamoja na masomo niliyoyafuata baadaye. Hoja yangu ni moja: jaribio la kupunguza homa hujibu swali finyu sana, ilhali neno letu homa ni pana sana. Mfasiri asipoutambua upana huo, anaweza kuligeuza jibu la kweli kuwa ahadi ya uongo. Kwa sababu ahadi yenyewe hupelekwa kwa mama aliyempakata mtoto mgonjwa, kosa la mfasiri haliishii kwenye karatasi.

2.0 Neno homa na upana wake

Neno homa liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako asili yake inahusu joto la mwili wa mgonjwa. Maana hiyo ingalipo. Mtu akisema "mtoto ana homa, mguse kipaji," anazungumzia joto. Hata hivyo, neno hili limepanuka na kuwa jina la magonjwa yenyewe: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya papasi, homa ya Bonde la Ufa. Katika istilahi hizi, homa si dalili tena bali ni ugonjwa kamili wenye chanzo chake. Homa ya matumbo husababishwa na bakteria, homa ya manjano na virusi, nayo homa ya papasi na bakteria wanaoenezwa na kupe laini.

Isitoshe, matumizi hutofautiana baina ya mahali na mahali. Hapa Kenya, anayesema "nimeshikwa na homa" mara nyingi anamaanisha mafua: pua zinachuruzika na koo linawasha. Nchini Tanzania, msikilizaji wa kauli hiyo hiyo ataelekea kufikiria mwili uliochemka, pengine malaria. Basi neno moja linabeba angalau maana tatu: joto lililopanda, ugonjwa uliolipandisha, na mafua. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hututatulia utata huo. Katika ripoti ya utafiti, muktadha hautoshi.

3.0 Mwili unapopandisha joto

Ili tuelewe kinachopimwa maabarani, ni vyema kwanza kuelewa homa kama wanafiziolojia wanavyoielewa. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1868, ndiye aliyelifanya pima la nyuzijoto 37 za Selsiasi lijulikane kuwa joto la kawaida la binadamu. Muhimu zaidi, alisisitiza kwamba homa ni dalili, si ugonjwa.

Joto la mwili huongozwa na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Vijidudu vinapovamia mwili, chembe za kinga hutoa kemikali za kupiga mbiu. Mbiu hiyo huchochea utengenezaji wa kemikali nyingine, prostaglandini E2, ambayo huifanya haipothalamasi ipandishe kiwango cha joto inachokilinda. Ndiyo sababu mgonjwa hutetemeka kwa baridi na kuomba blanketi hali mwili wake unaunguza: ubongo umeamua kwamba nyuzijoto 37 ni baridi mno, nao mwili unajitahidi kufikia kiwango kipya. Mwaka 1971, mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Kwa maneno mengine, aspirini huinyamazisha mbiu. Aliyevamia hamgusi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Homa ni wingu. Anayeliondoa wingu hajaizuia mvua iliyokwisha kuanza kunyesha.

4.0 Panya, hamira na kipimajoto

Jaribio lenyewe huanza na mmea. Mtafiti huchuma majani, na sampuli moja hukaushwa na kuhifadhiwa ili wataalamu wa mimea wathibitishe jina lake la kisayansi. Hatua hii si urasimu. Mwarobaini, ambao Pwani huitwa pia mkilifi, ni Azadirachta indica. Jamaa yake, Melia azedarach, hufanana nao na matunda yake yana sumu. Jina la mtaani pekee haliwezi kuwatenganisha.

Majani hukaushwa kivulini, husagwa yakawa unga, kisha hulowekwa katika maji au alkoholi. Kioevu huchujwa na kukaushwa hadi kibaki kitu kizito au unga. Hicho ndicho nitakachokiita mkamuo. Mkamuo hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mnyama.

Sasa panya watiwe homa. Njia iliyozoeleka sana ni kuwadunga chini ya ngozi mchanganyiko wa hamira na maji. Naam, hamira: kuvu wa aina ile ile inayoumua maandazi yetu. Mwili wa panya huiona kama mvamizi, na baada ya saa kumi na nane hivi joto huwa limepanda. Mtafiti hulipima kwa kipimajoto, huwaacha nje ya jaribio wale ambao joto lao halikupanda vya kutosha, kisha huwagawa waliobaki katika vikundi. Kikundi kimoja hupewa maji tu, kingine parasetamoli au aspirini, na vingine mkamuo kwa vipimo tofauti, mathalani miligramu 100, 200 na 400. Joto hupimwa tena kila saa kwa saa kadhaa.

Kikundi cha maji kina kazi gani? Joto la homa hupanda na hushuka lenyewe. Malaria, kwa mfano, inajulikana kwa tabia hiyo: mgonjwa huchemka, hutoka jasho, hupoa, kisha siku inayofuata au ya pili huchemka tena. Anayekunywa dawa joto linapokaribia kushuka ataisifu dawa. Bila kikundi cha ulinganisho, hatuwezi kuitenga kazi ya mmea na kazi ya saa. Aidha, mtafiti makini huwapa mkamuo panya wasio na homa pia. Ikiwa joto lao nao linashuka chini ya kawaida, basi mmea huo haupunguzi homa. Unaupoza mwili tu, na huenda ukaudhuru.

Jaribio hili ni zuri na lina nidhamu. Lakini tazama kisichokuwamo. Hamu vimelea vya malaria, hamu bakteria wa homa ya matumbo, wala hamu mtoto wa binadamu. Mna hamira. Panya aliyepoa hajaponywa ugonjwa wowote, kwa sababu ugonjwa unaotuhusu hakuwa nao.

5.0 Magome mawili, neno moja

Mchanganyiko huu wa maana haukuanza na Kiswahili. Mwaka 1763, kasisi Mwingereza Edward Stone aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kuhusu gome la mti uitwao mwilo. Alikuwa amelionja, akaona ni chungu kama gome la mti wa kwinini lililokuwa likiletwa kwa gharama kubwa kutoka Peru. Alilikausha kwa zaidi ya miezi mitatu, akalisaga, akawapa wagonjwa wapatao hamsini waliokuwa na homa za vipindi. Wengi walipata nafuu. Palipokuwa na homa sugu ambazo gome lake lilishindwa, alilichanganya na kiasi kidogo cha gome la Peru.

Leo tunajua kwamba magome hayo mawili hayafanyi kazi moja. Gome la mwilo lina salisini, iliyotengwa mwaka 1828, na ukoo wa kemikali zake ndio uliotuletea aspirini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1899. Gome la Peru lina kwinini, iliyotengwa na Wafaransa Pelletier na Caventou mwaka 1820, nayo huua vimelea vya malaria. La kwanza hupoza mwili. La pili hushambulia chanzo. Stone hangeweza kujua hayo, kwani vimelea vya malaria vilitambuliwa na Laveran mwaka 1880, zaidi ya karne moja baadaye. Lugha yake ilikuwa na neno moja kwa joto na kwa ugonjwa, na ulimi wake ulimwambia kwamba vitu viwili vichungu ni ndugu.

Hatuna haki ya kumcheka. Ni mara ngapi tumesikia kwamba mwarobaini ni dawa ya malaria kwa kuwa ni mchungu kama kwinini?

6.0 Kitenzi kilichofungua mlango

Ikiwa kisa cha Stone kinatuonya, kisa cha pili kinatutia moyo. Mwaka 1967 serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua maandishi ya tiba ya kale na kujaribu mimea mingi. Mmea mmoja, Artemisia annua, ulionyesha dalili njema kisha ukawaangusha. Tu alirudi kwenye maagizo ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne, akatambua jambo dogo: tabibu huyo hakuagiza mmea uchemshwe. Aliagiza ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Alitumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata mkamuo ulioangamiza vimelea katika wanyama wa maabara. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana artemisinini. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo ni kubwa: tofauti ilikuwa katika kitenzi. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya aina hii: chemsha, loweka, twanga, ponda, kamua, fukiza, kanda, sugua, chanjia. Kila kimoja ni njia kamili ya kutayarisha au kutumia dawa. Mzee akimwambia mtafiti "tunaloweka usiku kucha," naye mfasiri akaandika "wanatengeneza chai," huenda dawa imepotea kabla ya kufika maabarani.

Tusisahau pia mpaka wa kisa hiki. Artemisinini iliyotengwa, kupimwa na kuunganishwa na dawa nyingine si sawa na kikombe cha maji ya majani. Shirika la Afya Duniani, katika tamko la mwaka 2019, halikuunga mkono matumizi ya mmea wenyewe kwa kutibu wala kuzuia malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hubadilikabadilika na mara nyingi hakitoshi.

7.0 Mwarobaini: jina na ushahidi

Turudi kwa mti wetu. Kwa mtazamo wa fasihi, jina mwarobaini ni chuku: mti wa maradhi arobaini. Hakuna aliyeketi akayahesabu. Arobaini hapa ni wingi, ni sifa, ni shukrani ya watu kwa mti uliowafaa. Tatizo huzuka chuku inaposomwa kama orodha.

Ushahidi wenyewe umegawanyika. Katika suala la joto, Okpanyi na Ezeukwu walichapisha mwaka 1981 matokeo yanayoonyesha uwezo wa mwarobaini wa kupunguza uvimbe na homa katika wanyama wa maabara. Katika suala la vimelea, baadhi ya kemikali za mti huu, kama vile gedunini, zimeonekana kuvidhuru ndani ya vyombo vya maabara. Lakini chombo cha maabara si damu ya mtu, na mwarobaini haujathibitishwa kuwa tiba ya malaria kwa binadamu. Katika suala la usalama, madaktari nchini Malaysia waliripoti, pia mwaka 1981, watoto wachanga waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini. Maswali ni matatu, na majibu ni matatu. Sentensi "mwarobaini unatibu homa" huyafumba yote kuwa moja.

Niruhusiwe kutoa kisa cha nyumbani. Nilipokuwa shule ya msingi, ndugu yangu mdogo alichemka sana jioni moja. Nyanya alimpikia majani ya mwarobaini, akamkanda kwa maji ya uvuguvugu. Kufikia saa tano usiku mwili ulikuwa umepoa, sote tukalala. Alfajiri alishikwa na degedege. Hospitalini damu yake ilipimwa, vimelea vya malaria vikaonekana. Alipona, tunamshukuru Mungu. Nyanya hakukosea kuhusu joto. Joto lilishuka kweli. Tulikosea sote kuhusu maana ya kushuka kwake. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi usiku ule tuliyaficha bila kukusudia.

8.0 Kutoka maabara hadi kijijini

Kiswahili kinatupa zana za kuepuka kosa hili. Tazama vitenzi kupoa na kupona. Vinatofautiana kwa sauti moja tu, lakini mwili unaweza kupoa na mgonjwa asipone. Tazama pia kutuliza, kushusha, kutibu na kuponya. Kutuliza na kushusha hueleza kinachotokea kwa dalili. Kutibu hutaja juhudi ya tabibu bila kuahidi mwisho wake, ndiyo maana twaweza kusema "alitibiwa lakini hakupona." Kuponya pekee ndiko kunakodai kwamba maradhi yamekwisha. Hebu tuangalie mifano mitatu ya kauli ambazo mfasiri hukutana nazo.

(a) Mkamuo umepunguza joto la panya waliodungwa hamira. Tafsiri potovu: "Mwarobaini unatibu homa." Tafsiri faafu: "Mkamuo wa majani ya mwarobaini ulishusha joto la panya waliotiwa homa kwa hamira. Jaribio hili halikuchunguza malaria, wala halikufanywa kwa binadamu."

(b) Tofauti baina ya vikundi haikuwa na uzito wa kitakwimu. Tafsiri potovu: "Tofauti haikuwa muhimu," au mbaya zaidi, "Dawa haifanyi kazi." Tafsiri faafu: "Tofauti iliyoonekana ni ndogo kiasi kwamba huenda ilitokea kwa bahati tu."

(c) Hakuna panya aliyekufa kwa vipimo vilivyotumika. Tafsiri potovu: "Dawa hii ni salama." Tafsiri faafu: "Hakuna panya aliyekufa kwa vipimo hivi na kwa muda huu. Usalama wake kwa watu, hasa watoto na waja wazito, haujachunguzwa katika jaribio hili."

Msomaji atagundua kwamba tafsiri faafu ni ndefu zaidi. Ni kweli. Tulifunzwa kuusifu muhtasari, lakini katika uwanja huu ufupi unaweza kuwa hatari. Zaidi ya hayo, kila tafsiri inayotaja homa kwa umma haina budi kuuambatanisha ujumbe ambao Shirika la Afya Duniani limeupendekeza tangu mwaka 2010: anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kutibiwa. Kushuka kwa joto si sababu ya kuahirisha kipimo hicho.

9.0 Hitimisho

Niliandika upya tafsiri ya mwenzangu, nikafuatana naye kwenda kuisoma. Nilihofia kwamba wazee wangeona tumewanyima sifa ya mti wao. Tulipomaliza, palikuwa na kimya, kisha bibi mmoja aliyeketi mkekani akauliza: "Na huyo panya, mwanangu, alikuwa na homa gani?"

Mwenzangu alinitazama. Lile ndilo swali nililopaswa kujiuliza kabla ya kushika kalamu. Bibi yule alijua tangu zamani kwamba homa ni nyingi, na kwamba mti unaofaa kwa moja huenda usifae kwa nyingine. Aliyelisahau hilo ni mimi niliyesoma semantiki.

Wataalamu wa Kiswahili wamejitahidi kwa miaka mingi kuunda istilahi za sayansi, na kazi hiyo iendelee. Hata hivyo, mara nyingine upungufu hauko katika istilahi tusizo nazo bali katika maneno ya kawaida tuliyo nayo na tunayoyatumia bila kuyapima. Wanafunzi wenzangu, tukiitwa na wenzetu wa famasia, udaktari au kilimo tuwafasirie kazi zao, tusiende kama makarani wa kubadilisha maneno. Twende na swali la bibi: homa gani? Tukilijibu kwa uaminifu, tutakuwa tumemtendea haki mtafiti, mzee aliyetoa maarifa yake, na mtoto ambaye mwili wake umepoa lakini bado hajapona.